Taa Ikizima Yenyewe, Gari Halijapona

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, shikamooni. Madereva wa teksi, wa Noah, wa Hiace za Newala na Masasi, na nyie vijana wa gereji mliokaa kule nyuma juu ya matairi, habari za asubuhi.

Nimeombwa niseme juu ya ile taa ndogo ya rangi ya machungwa yenye picha ya injini, ambayo wengi wetu tunaiita cheki injini. Ikiwaka ikabaki imewaka, haitusumbui sana. Unapeleka gari, linapimwa, tatizo lipo pale pale, fundi analikuta. Mimi leo nataka kusema juu ya ile inayowaka Jumatatu ukiwa Mpapura, ikazima Jumatano ukiwa Mikindani, ikanyamaza wiki mbili mpaka ukaisahau, halafu ikawaka tena siku umebeba abiria anayewahi basi la Dar es Salaam. Hiyo ndiyo inayokula hela za watu. Na nitawaeleza kwa kisa ambacho makosa mawili kati ya matatu niliyafanya mimi mwenyewe.

Mwalimu mmoja mstaafu ana Corolla 110 ya mwaka 1998. Kila Jumamosi anapanda Newala kumwona dada yake. Akaanza kuona taa inawaka njiani, akirudi mjini inazima. Mtu mmoja kijiweni akamwambia achomoe betri dakika 10, itapona. Akachomoa, kweli ikazima. Jumamosi iliyofuata ikawaka, akachomoa tena. Alipofika kwangu alikuwa ameshachomoa mara 4, na asubuhi ile ile alikuwa amechomoa kwa mara ya mwisho ili, kama alivyoniambia, aniletee gari likiwa safi.

Ndugu zangu, kumletea fundi gari "safi" namna hiyo ni kama kupiga deki nyumba iliyovunjwa usiku, kisha ndiyo ukamwite polisi aje atafute nyayo.

Taa ile haiwaki bila sababu. Nyuma yake kuna kompyuta ya injini, inayosoma sensa zake, yaani vile vipimo vidogo vilivyofungwa kwenye injini, muda wote: joto la maji, hewa inayoingia, mkao wa throto (kile kilango cha hewa), moshi unaotoka, mzunguko wa injini. Ikipata jibu lisiloingia akilini inaandika namba katika kumbukumbu, halafu inakuwashia taa. Taa ikizima, namba mara nyingi inabaki. Kwenye Toyota nyingi za miaka ya 90, waya ukigusana tena vizuri taa inazima ndani ya sekunde chache, lakini namba inakaa mpaka mtu achomoe fyuzi ya EFI, yaani ya mfumo wa petroli, au betri. Magari yanayofuata utaratibu wa OBD wa awamu ya pili, yaani wa gari kujipima lenyewe, ule uliolazimishwa Marekani kuanzia magari ya 1996 na Ulaya kwa magari ya petroli kuanzia 2001, yana subira zaidi. Makosa mengi lazima yaonekane katika safari mbili zinazofuatana kabla taa haijawaka. Tatizo likiondoka, taa inazima baada ya safari tatu mfululizo zisizo na kosa. Namba yenyewe inafutika baada ya injini kupoa na kupata moto kama mara 40.

Sikilizeni vizuri hapo. Safari tatu! Maana yake siku taa inapozima, tatizo linaweza kuwa liliondoka juzi, na siku inapowaka, tatizo linaweza kuwa lilianza jana. Kwa hiyo dereva anayeniambia "imewaka leo asubuhi nilipotoka nyumbani" namwuliza pia alikuwa wapi jana jioni.

Nirudi kwa Mwalimu. Nilipima, nikakuta kumbukumbu tupu. Nikaangalia ekzosi, nikakuta masizi meusi. Akaniambia mafuta yanakwisha haraka. Hapo nikahukumu bila shahidi. Nikasema sensa ya oksijeni, ile inayosoma moshi, imekufa, tukaagiza Dar es Salaam, ikaja na basi, nikafunga, akalipa. Wiki mbili baadaye taa ikawaka karibu na Tandahimba.

Safari hii nilikuwa nimemwomba asiguse betri. Akaja hivyo hivyo. Vijana wa gereji mnajua, lakini wenye magari wengi hawajui kwamba Toyota nyingi za zamani hazihitaji hata mashine ya kusomea namba. Chini ya boneti kuna kiboksi kidogo chenye kifuniko kilichoandikwa DIAGNOSIS. Ndani yake kuna tundu la TE1 na la E1. Unayaunganisha kwa kipande cha waya, unafungua swichi bila kuwasha injini, halafu unahesabu taa inavyokonyeza. Ikikonyeza haraka haraka bila kupumzika, haina kosa ililoandika. Ikiwa na namba inakonyeza tarakimu ya kwanza, inapumzika kidogo, inakonyeza ya pili. Usikosee matundu, kwa sababu mle ndani kuna mengine yenye umeme wa betri. Gari la Mwalimu lilikonyeza mbili, likapumzika, likakonyeza mbili. Ishirini na mbili. Hiyo ni njia ya sensa ya joto la maji.

Nimesema njia, na nitarudia kusema njia mpaka nichoke. Namba 22 haisemi "sensa imekufa". Inasema kompyuta haikupata jibu la kuaminika kutoka upande ule. Upande ule una sensa, una soketi, una waya wa kwenda na wa kurudi, una sehemu unapoingia kwenye kompyuta. Sensa ni kitu kimoja kati ya vinne au vitano. Lakini ndiyo inayouzwa dukani kwenye boksi zuri, kwa hiyo ndiyo tunayoinunua. Nami niliinunua. Nikaifunga mpya, nikachomoa fyuzi, nikampa Mwalimu gari lake. Hata mita ya kupimia umeme sikuitoa kwenye begi. Kama ningeitoa ningeiona: sensa ya joto ya Toyota kwenye nyuzi 20 huonyesha kati ya omu 2000 na 3000, na maji yakifika nyuzi 80 inashuka mpaka kati ya 200 na 400. Ile ya zamani niliipima baadaye, kwenye sufuria ya maji jikoni kwangu. Ilikuwa nzima kabisa.

Jumamosi ya tatu Mwalimu akanipigia simu yuko njiani. Akasema, "Fundi, imewaka tena, lakini nimesimama kidogo imezima. Labda imepona." Nikamwambia, "Mwalimu, Jumamosi ijayo twende wote."

Hilo ndilo jambo ninalowaomba mafundi wenzangu kuliko mengine yote. Tatizo linalokuja na kuondoka halipatikani gari likiwa limepaki kivulini. Gari la Mwalimu kwenye lami ya mjini lilikuwa halina neno. Nilikaa kiti cha mbele, boneti imefungwa, nikashika daftari. Kwenye lami, kimya. Tulipoingia kipande cha barabara chenye makorongo, gari likaanza kutetemeka, na taa ikawaka. Ikazima. Ikawaka. Nikamwomba asimame bila kuzima injini.

Nikafungua boneti, nikaanza kutikisa waya mmoja mmoja taratibu kwa vidole viwili, Mwalimu akiwa ndani anaangalia dashibodi. Sikutikisa rundo zima kwa mpigo, kwa sababu hapo hutajua ni upi. Nilipofika kwenye waya wa sensa ya joto, kama sentimita 3 nyuma ya soketi, Mwalimu akapiga honi. Nikaachia, nikashika tena. Akapiga honi tena.

Nje waya ule ulikuwa mzima. Plastiki yake haina mkwaruzo, rangi yake ile ile ya kiwandani. Lakini nilipouvuta kidogo, ulivutika. Waya mzima hauvutiki, maana shaba iliyomo ndani inaushikilia. Ukivutika kama mpira wa manati, ujue umeshika plastiki tupu, shaba imekatika ndani. Nikauchana kwa wembe. Shaba ilikuwa ya kijani, imebaki unga, na nyuzi mbili tatu bado zinagusana. Barabara ikiwa nzuri zinagusana, gari likitikisika zinaachana.

Hapo mambo yote ya Mwalimu yakaeleweka, mpaka masizi. Nyuzi mbili tatu za shaba iliyooza zinaongeza ukinzani, yaani zinazuia umeme, ule unaopimwa kwa omu, na kwa sensa ile ukinzani mkubwa maana yake ni maji ya baridi. Kompyuta ikawa inadhani injini haijapata moto, ikawa inaongeza petroli kila siku bila kuwasha taa, kwa sababu jibu la "baridi" ni jibu linalowezekana. Taa iliwaka pale tu nyuzi zilipoachana kabisa. Mkitaka kuliona kwa macho, kwenye magari mengi ya kisasa zaidi chomoeni soketi ya sensa hiyo mkiwa na mashine. Mtaona inaandika nyuzi 40 chini ya sifuri. Hapa Mtwara, Novemba, jua la utosi! Kompyuta haioni jua. Inaona waya.

Sasa kwa nini waya uoze ndani wakati nje ni mzima? Sisi tunaishi pwani. Upepo wa bahari unabeba chumvi, na unyevu wake unapita kwenye upenyo wa soketi, unapanda polepole ndani ya plastiki kama mafuta yanavyopanda kwenye utambi. Soketi za magari haya zina vipete vya mpira vya kuzuia maji, na gari likishafika miaka 20 mpira umekauka, au fundi aliyetangulia aliutoa akautupa. Kishikio cha soketi kikivunjika tunafunga kwa uzi, soketi inacheza, chumvi inaingia. Gari linalolala Shangani kando ya bahari na gari linalolala Masasi hayazeeki kwa namna moja, hata kama yaliteremshwa bandarini siku moja.

Wale mnaobeba samaki kwenye Noah, hapa nawaomba kwa dhati ya moyo. Barafu inayeyuka, maji ya chumvi yanavuja kwenye zulia, na chini ya zulia zile ndizo njia za waya. Kwenye magari mengi kompyuta yenyewe iko upande wa abiria wa mbele, nyuma ya kiboksi cha dashibodi. Nimeshafunua zulia nikakuta soketi imeota ukungu wa kijani, mwenye gari akiwa ameshabadilisha sensa mbili na pampu ya mafuta. Wekeni turubai zima, lisilo na tundu, lenye kingo zilizokunjwa juu. Na mwisho wa wiki fungueni zulia lipigwe na jua.

Kuosha injini kwa pampu yenye presha ni jambo la pili. Nalisema mbele ya vijana wa kuosha magari na siwachukii, wanatafuta riziki. Lakini maji yale yanaingia kwenye visima vya plagi na kwenye soketi ambazo mvua ya miaka 10 haikuzifikia. Taa ikiwaka siku moja baada ya kuosha injini, usinunue kitu. Fungua soketi, kausha, puliza spreyi ya kusafishia umeme, acha ikauke, rudisha. Na panya! Gari linalolala karibu na ghala la korosho lifunguliwe boneti kila asubuhi. Panya hachagui waya kwa bei.

Kuna tatizo jingine linalotoroka hivyo hivyo, la waya wa hasi, ule unaotoka kwenye injini kwenda kwenye bodi na betri. Kuna Noah iliyokuwa inawaka taa usiku tu. Mchana safi, usiku ikiwashwa taa kubwa na feni, cheki injini inakuja. Watu wakasema mambo ya ajabu ajabu kuhusu usiku. Chini ya bolti ya waya ule palikuwa na kutu nyembamba kama karatasi. Umeme ukiwa mdogo unapita, mzigo ukiongezeka hautoshi, na sensa zote zinaanza kusema uongo kwa pamoja. Ndiyo maana ukikuta namba tatu nne zisizo na uhusiano, usianze na sensa. Anza na betri na waya wa hasi. Betri iliyopumzika iwe karibu na volti 12.6, injini ikiunguruma iwe kati ya 13.5 na 14.5. Kisha weka mita, ncha moja kwenye chuma cha injini, nyingine kwenye hasi ya betri, taa kubwa zikiwa zimewashwa. Ikizidi volti 0.2, kuna mahali umeme unazuiwa. Fungua, piga msasa mpaka chuma king'ae, paka grisi, funga.

Mipira ya hewa iliyopasuka, chujio lililojaa vumbi, petroli ya madumu yenye maji, hayo mnayajua, siyarudii.

Madereva, sasa nawageukia nyinyi, kwa sababu fundi hayupo taa inapowaka. Upo wewe. Weka daftari la shilingi chache kwenye kiboksi cha dashibodi. Taa ikiwaka, simama mahali salama uandike: injini ilikuwa ya baridi au imeshapata moto, ulikuwa unapanda au unashuka, barabara ya lami au ya makorongo, mvua au kavu, ulikuwa umewasha nini, mafuta yalikuwa kiasi gani, na gari lenyewe lilifanya nini. Lilimisi, yaani silinda iliruka bila kuunguza petroli? Lilikosa nguvu? Lilizima likiwa sailensa, yaani likiunguruma bila kukanyagwa mafuta? Au halikufanya lolote? Mistari miwili inatosha. Ukiniletea mistari miwili ya matukio matano, mara nyingi nitajua pa kuanzia kabla sijafungua boneti. Ikiwaka kwenye makorongo, natafuta waya na soketi. Ikiwaka injini ikiwa moto sana kwenye mlima, nafikiria koili, ile inayopeleka moto kwenye plagi. Ikiwaka asubuhi baada ya mvua, natafuta mahali maji yalipoingia.

Na muangalie inawakaje. Ikiwaka ikatulia, na gari linakwenda vizuri, joto liko sawa, taa ya oili haijawaka, endesha kwa utulivu ufike. Lakini ikikonyeza wakati unaendesha na gari linamisi, toa mguu kwenye mafuta, tafuta pa kusimama. Petroli isiyoungua inakwenda kwenye ekzosi na kuungulia ndani ya masega, kile kisafisha moshi cha kwenye ekzosi, na masega yakiyeyuka yanaziba. Hapo tatizo la plagi moja limegeuka kuwa la mamia ya maelfu. Kwa IST na wenzake wenye koili nne, kipimo chake hakina gharama. Mashine ikisema P0302, silinda ya pili inamisi. Hamisha koili ya pili iende ya tatu, ya tatu ije ya pili, rudi barabarani. Ikibadilika kuwa P0303, koili umeikamata mkononi. Ikibaki P0302, iache koili, angalia plagi na nozeli inayopuliza petroli.

Gari la Kijapani la mwisho wa miaka ya 90 linaweza kuwa na soketi ya pini 16 na bado kimashine kidogo cha bei rahisi kisisome kitu. Hilo halimaanishi kompyuta imekufa, na fundi anayekuambia ununue nyingine kwa sababu hiyo tu, mwombe kwanza ajaribu mashine nyingine au njia ya kukonyeza.

Lipo jambo linaloniuma. Kuna magari yanauzwa taa ikiwa imetolewa balbu, au waya wake umeunganishwa na wa taa ya oili ili ziwake na kuzima pamoja. Ukienda kununua gari, fungua swichi usiwashe. Taa ya injini lazima iwake. Washa injini. Lazima izime peke yake, na uione tofauti na ile ya oili. Kama haiwaki kabisa, mtu amelifunga gari mdomo, na wewe utalipia asichotaka liseme.

Mwalimu nilimrudishia hela ya sensa zote mbili, kidogo kidogo, kwa miezi mitatu. Nilikata waya ule mpaka nikakuta shaba nyekundu, nikaunga kipande kipya kwa risasi ya kulehemu, nikavalisha mpira wa kubana, nikaweka soketi yenye kishikio kizima. Sikumwambia limepona. Tulipanda tena Newala, njia ile ile, makorongo yale yale, mara mbili. Tangu hapo daftari lake halina mstari mpya.

Kipande kile cha waya nimekuja nacho, hiki hapa kwenye bahasha. Kipitisheni, kila mmoja akivute taratibu kwa vidole viwili, msikikate. Kisha chukueni hiki cha pili, ni kizima, kivuteni vilevile. Vijana wa nyuma, mkimaliza njooni na mita zenu. Mwenye ile Noah nyeupe, tafadhali fungua boneti, tunaanza na ya kwako.